Jiwe, Sufuria na Jibu Langu

Jumanne, 6 Mei

Dawa ya presha, chai ya tangawizi, maharage ya kuchambua. Umeme ulirudi kabla ya adhuhuri nikachomeka simu, ili Devota akirudi aikute imejaa. Zamani mjukuu wangu akitoka shule aliuliza kuna nini jikoni. Siku hizi anauliza chaji imefika wapi.

Wanatengeneza video za fizikia. Kidato cha pili chote, kwa vikundi. Shuleni simu ni marufuku, kwa hiyo kila kikundi kimetafuta ya nyumbani, na kikundi cha Devota kimepata yangu. Mama yake, Consolata, ana ya vitufe tu. Anasema simu ya kioo haiwezi mchanga na magamba ya soko la samaki la Kibirizi, na yeye yuko kule na dagaa zake tangu alfajiri.

Agizo ni la mwalimu mpya, Madam Atupele, aliyeletwa mwaka huu kutoka huko Mbeya. Anawaambia hujaelewa kitu mpaka umweleze asiyekijua. Maneno mazuri. Mimi niliyajua kabla hajazaliwa. Hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 8 Mei

"Madam amesema." Wakati wa chakula nimelisikia hilo kuliko nilivyosikia "asante". Madam amesema tusikariri. Madam amesema kosa ni mali. Madam akieleza huwa ananyamaza kwanza, anakutazama, ndipo anaendelea. Ugali ulipokuwa mgumu nilingoja kuambiwa Madam anausongaje.

Devota alipokuwa darasa la tatu aliniuliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea. Tulisimama njiani, tukageuka, tukarudi, tukaenda tena, mpaka akaona mwenyewe kwamba unafuata kila mtu. Kwa nini sufuria ina mpini wa mbao, kwa nini bati linalia jua likizama: yote aliniuliza mimi. Nilizoea. Nilidhani ni cheo cha kudumu.

Hili daftari halisomwi na mtu, basi niandike wazi. Nina wivu. Na yule msichana wa Mbeya. Pengine na mtoto pia.

Kaskazini kule Burundi, upande wa Rumonge, nilikuwa msichana pekee katika darasa la sayansi. Nilitaka kuwa mwalimu wa fizikia. Tulikuwa tumemaliza mada ya joto. Vitu vinavyoelea vilikuwa vya muhula uliofuata. Muhula huo ulinikuta huku, katika kambi ya wakimbizi, nimepanga foleni ya unga. Baadaye nikapata kazi ya kuchapa katika ofisi ya shule kule Ujiji, hiyohiyo anayosoma Devota, na pale nikazeekea. Mitihani yote ya fizikia ilipita mikononi mwangu. Kila swali nililijibu kimoyomoyo kabla sijaitoa karatasi kwenye mashine. Fizikia niliyoianza kwa Kifaransa nikaichapa kwa Kiingereza, nikiiwaza kwa Kirundi. Nilijiona nimefika mahali palepale kwa njia ya nyuma.

Sasa mwanamke wa umri wa kuwa mjukuu wangu anaingia kwa mlango wa mbele na chaki mkononi.

Jumamosi, 10 Mei

Kikundi kimekuja asubuhi. Devota, wasichana wawili wasiosema, na Shabani wa Ujiji, ambaye anasema kwa niaba yao wote. Ndiye aliyenibatiza Bibi Taipu.

"Shikamoo Bibi Taipu. Leo tunakufanya staa."

"Marahaba. Staa wa bure?"

"Malipo yako ni umaarufu, Bibi. Hela zinakuja baadaye, wewe ukiwa umeshachoka nazo."

Nilivaa kitenge cha Pasaka. Nilifuta miwani. Nilichagua mwenyewe mahali pa kuweka kiti, uani, nisiwe na jua machoni. Naandika haya ili nisije kujidanganya baadaye: nilifurahi. Nilijua wamekuja kwa anayejua.

Devota akauliza, sauti ya darasani. Mtumbwi uko Kibirizi, ndani yake kuna jiwe kubwa la nanga. Mvuvi analitosa jiwe ziwani, linazama. Je, maji ya ziwa yatapanda, yatashuka, au yatabaki palepale? Tuchukulie ziwa ni dogo, tuweze kupima.

Sikumngoja amalize. "Yatapanda. Kitu kikiingia majini, maji hupanda. Anayeogea kwenye karai anajua." Nikaongeza, maana kamera ilikuwa bado inanitazama: "Nyinyi watoto wa Kigoma mnauliza hilo? Hamkuona ziwa lilivyopanda likaingia kwenye nyumba za watu?"

Shabani akasema safi sana. Wakatazamana.

Kisha wakaleta beseni la maji, sufuria, na jiwe la mizani la Consolata, lile la chuma. Wakaniita nitazame. Nikasema nina maharage jikoni. Sikuwa na maharage jikoni. Sikutaka kukaa kama mwanafunzi uani kwangu. Nilisikia wakipiga kelele za furaha, nikadhani ni utoto.

Jioni Devota akanieleza utaratibu. Madam ana sharti moja: kila video ianze na wazo lisilo sahihi, na lisemwe na mtu anayeliamini kwa dhati. Haruhusu kuigiza. Baada ya hapo ndipo jaribio, ndipo maelezo.

"Hilo tunaliita wazo la kwanza," akasema. "Wazo la kwanza letu ni wewe, Bibi."

Nikamuuliza kwa hiyo nimekosea.

"Ego, Bibi. Maji yanashuka."

Ile ndiyo aliisema taratibu, kwa Kirundi nilichomfundisha, akishika mkono wangu. Ule upole ndio ulioniudhi.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa na kalamu na bahasha ya sadaka iliyobaki tupu. Jiwe likiwa ndani ya mtumbwi linabebwa, na ili kulibeba mtumbwi lazima usogeze maji yenye uzito kama wa jiwe. Jiwe likiwa chini ziwani halibebwi na mtumbwi tena. Linasogeza maji ya nafasi yake tu. Jiwe ni zito, nafasi yake ni ndogo. Maji yanashuka.

Mistari miwili. Nilirudia hesabu, nikitumaini nimekosea kukokotoa.

Consolata akanong'ona, "Mama, hata bahasha unaipigia hesabu?"

Jumatatu, 12 Mei

Mvua ya mwisho mwisho. Nimeanua dagaa za Consolata zilizokuwa juu ya bati.

Jumatano, 14 Mei

Amekuja. Madam Atupele mwenyewe, na kilo ya sukari, viatu vimejaa vumbi la mtaa wetu wa Rusimbi. Anatembelea nyumba za vikundi vyote, awashukuru wenye simu.

Nilijiandaa kumkuta mtu wa kuringa. Ni binti mwembamba anayeona joto kali. Alikunywa maji vikombe viwili bila kupumzika. Anatoka milimani, huko migombani kwenye baridi, na hapa hana ndugu. Nilimpa samaki, mgebuka wa ziwani, akawa anapambana na miiba kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nilimchambulia. Mikono yangu ilifanya hivyo bila kuniuliza.

"Bibi, Devota ananiambia wewe ndiye uliyemfundisha kuuliza."

"Nilimfundisha. Sasa anamuuliza mwingine."

Nilisema hivyo, kweli. Devota akainamisha kichwa. Yule binti hakucheka wala hakukasirika. Alinyamaza kwanza, akanitazama. Kumbe ni kweli anafanya hivyo.

Akasema mtoto akisikia jibu sahihi tupu anaitikia kwa kichwa, halafu anabaki na lake moyoni. Lakini akilisikia kosa lake kwa mdomo wa mtu anayemheshimu, anashtuka. "Ndiyo maana niliwaambia wasinitafutie mjinga. Wanitafutie mtu ambaye wakimsikia wataamini."

Alidhani ananipa heshima, na labda alinipa. Mimi nilisikia jambo jingine: kwamba nafaa kwa sababu nimekosea kwa sauti nzuri.

Alipoondoka, Devota alimsindikiza mpaka barabarani. Walikwenda polepole. Nilisimama mlangoni nikiwatazama migongo. Mmoja ana nilichokitaka. Mwingine atakipata, na atakayemshukuru si mimi.

Nimchukie kwa lipi? Sijapata. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

Ijumaa, 16 Mei

Siku mbaya. Niandike yote.

Asubuhi nilikwenda dukani kununua sabuni. Watoto wamekaa kwenye daraja la mtaro. Mmoja akasema, "Bibi, ziwa?" Na wote kwa pamoja, kidevu juu, sauti yangu kabisa: "Litapanda!" Kumbe Devota ameshawaonyesha kipande changu kwenye simu. Hawakuwa na ubaya. Mmoja alinibebea mfuko mpaka nyumbani.

Mchana Devota akatangaza kwamba video tatu zilizo bora zitaonyeshwa siku ya wazazi, ukutani, kwa mashine ya kukuza picha, na yao iko karibu kuchaguliwa. Imebaki kuunganisha vipande. Wazee waliowahi kufanya kazi shuleni watakaribishwa. Maana yake atakuwepo mwalimu mkuu mstaafu niliyemchapia mitihani, aliyekuwa akisema mbele ya walimu kwamba mimi sikosei hata nukta.

Kisha, kumchekesha mama yake, Devota akaniiga. Alishusha miwani ya kuwazia puani, akainua kidole. "Anayeogea kwenye karai anajua!" Consolata alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Nami nilicheka. Nilicheka vizuri sana.

Shabani alikuja kunakili sauti ya maelezo, akairudisha simu mezani, akaaga. Devota alikuwa kisimani. Nikaifungua, nikatafuta kipande changu. Nikamtazama yule mwanamke wa kitenge cha Pasaka. Hana shaka hata kidogo. Mtu aliyeacha kila kitu upande mwingine wa mpaka isipokuwa kile alichokuwa nacho kichwani, na hicho nacho sasa kinachekwa mtaroni.

Nikabonyeza alama ya pipa. Simu ikauliza kama nina hakika. Nilikuwa nayo.

Jumamosi, 17 Mei

Wameitafuta. Devota amepekua simu yote, mara picha za ubatizo, mara risiti za umeme. Haipo. Kila mtu akasema labda huku, labda kule. Mimi nikasema labda kumbukumbu ya simu imejaa. Niliona nimelisema vizuri.

Kisha Devota akamgeukia Shabani.

"Wewe ndiye uliyeishika mwisho. Unapenda kubonyeza bonyeza."

"Wallahi sijafuta. Nilichukua sauti tu, nikaweka mezani. Muulize Bibi."

Wote wakanitazama. Nikasema sikuwa naangalia.

Shabani akatafuta utani wa kujitetea, akaukosa. Sijawahi kumwona akikosa neno. Akavaa kandambili zake akaondoka. Wasichana wawili wakaondoka pia, kimya kama walivyokuja.

Nimekula. Chakula kimepita.

Jumatatu, 19 Mei

Devota amejaribu kumrekodi mama yake badala yangu. Consolata karudi sokoni amechoka, samaki kichwani, mtoto na simu mbele yake.

"Mama, mtumbwi una jiwe."

"Nani kaliweka?"

"Mama, jibu tu. Maji yatapanda, yatashuka?"

"Yapande, yashuke, mimi nataka dagaa zikauke. Niulize bei, nitakujibu."

Hata hivyo isingefaa. Consolata alishaambiwa jibu, na Madam anajua mtu anayesema asichokiamini. Amewapa mpaka Ijumaa. Bila wazo la kwanza, video yao haitahesabiwa kabisa, achilia mbali kuonyeshwa. Na alama zinaingia kwenye mtihani wa muhula.

Wivu ulianza kwa yule mwalimu. Umemfikia mtoto wa watu Ujiji ambaye hajanikosea chochote, aliyenipa jina la utani na kunibebea ndoo. Leo hakuja. Devota hasemi naye shuleni. Mimi ndiye ninayejua kwa nini, na ninachambua mchele.

Nilidhani nitaona raha kidogo, angalau ya kutochekwa. Hakuna raha.

Jumatano, 21 Mei

Devota ameipata.

Nilikuwa nashona kitufe. Akaja akaketi chini, karibu na miguu yangu, kama alipokuwa mdogo. Ameishika simu kwa mikono miwili.

"Bibi, kumbe simu ikifuta haitupi. Inaweka kwenye kapu kwanza. Kapu linakaa nalo mwezi."

Sindano ilikuwa imesimama.

"Limeandika na wakati. Ijumaa jioni. Shabani alikuwa ameshaondoka, mimi niko kisimani."

Hakuuliza. Nilingoja aulize. Mtoto niliyemfundisha kuuliza alichagua kutouliza, na hilo lilinifika kuliko swali lolote. Angeweza kuirudisha kimyakimya na kuionyesha. Simu iko mkononi mwake, na anaijua kuliko mimi.

"Tunaomba tuitumie, Bibi. Ukikataa, naiacha kapuni."

Nikamwambia kwanza amwombe Shabani msamaha kwa kumsingizia.

Akanitazama. "Mimi peke yangu?"

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda Ujiji kwa bodaboda, na Devota nyuma yangu, tumebanana. Nyumbani kwa Shabani wanakaanga mihogo ya kuuza. Mama yake alitukaribisha mkekani, akataka kuleta soda. Nilimwomba amwite mtoto kwanza, maana nikinywa kitu cha mtu nitashindwa kusema.

Nilisema nikiwa nimesimama. Video niliifuta mimi. Shabani hakuigusa. Nilinyamaza aliposingiziwa, na kunyamaza kwangu ndiko kulikomtia hatiani.

Mama mtu akaacha mihogo. Akasema tu, "Mtoto wangu hajala vizuri tangu Jumamosi." Nilikubali. Nilistahili zaidi ya hayo.

Devota naye akasema lake, haraka haraka, macho chini. Shabani alikuwa anajikuna kisigino.

"Bibi Taipu, mimi nilijua si mimi. Nikahesabu waliobaki nyumbani." Akaacha kujikuna. "Nikaona bora niseme simu imeingiliwa na jini."

Mama yake akampiga kofi dogo la kisogoni. Tukacheka kidogo, si sana.

Njiani kurudi nilimwambia Devota watumie. Yote, pamoja na karai na nyumba zilizoingiwa na maji. Wasikate hata nukta.

"Na ukichekwa?"

Nikamwambia nitachekwa.

Hajanishika mkono. Alishika chuma cha nyuma cha pikipiki. Imani yake nimeitoboa, na sijui inazibwaje.

Jumamosi, 31 Mei

Siku ya wazazi. Darasa limezibwa madirisha kwa kanga na mashuka, joto kama tanuri. Consolata amefunga biashara mapema, amejipaka manukato juu ya harufu ya dagaa; vyote viwili vimekuja. Mwalimu mkuu mstaafu kaketi mstari wa mbele. Amezeeka, masikio yamekuwa makubwa. Alinisalimu kwa jina la kazini.

Video ya kwanza ilihusu kivuli, ya pili msuguano. Yetu ikawa ya mwisho.

Uso wangu ulijaa ukuta mzima. Devota akauliza. Nikajibu. "Yatapanda."

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Ndiyo hivyo." Mama mwingine, "Sasa si kweli?" Mwalimu mkuu mstaafu aliitikia kwa kichwa, polepole, kama alivyokuwa akiitikia karatasi safi. Nilipotaja ziwa lilivyoingia kwenye nyumba, watu waliguna. Chumba kizima kilikuwa upande wangu. Kila mmoja aliyekuwa mle ameliona ziwa likipanda, na kila mmoja angejibu nilivyojibu.

Kisha beseni likatokea, na sufuria, na jiwe la mizani. Consolata akasema kwa sauti, "Kumbe ndiko lilikokuwa." Hapo ndipo walipocheka.

Mimi nilivua miwani nikaifuta. Niliifuta mpaka nikasikia chumba kimeshangaa. Sikutazama. Nimekubali hesabu, nimekubali kuonyeshwa, lakini macho yalikataa.

Sauti ya Devota ikaanza kueleza. Inasema, inanyamaza, inaendelea. "Sasa tazama." Nilitafuta humo kitu changu. Nilisikia Madam. Nilisikiliza mpaka mwisho nikamsikia Madam tu, na ikauma palepale ilipokuwa ikiuma tangu mwanzo. Sitasema imepona. Maelezo yalikuwa safi. Mimi nisingeyaeleza hivyo. Ningeanza na kanuni, na watu wa mstari wa nyuma wangelala.

Baadaye mwalimu mkuu mstaafu alinijia. "Basi miaka yote nilikuwa nawapa maswali rahisi," akasema. Nikamwambia nilikuwa nayajibu yote. Akasema alikuwa anajua, maana nilikuwa nikitabasamu nikichapa.

Ilipopigwa picha ya kikundi, Madam Atupele alinivuta katikati. Nilikataa, akanivuta. Devota alisimama upande wake. Mkono wa Devota ulikuwa begani kwa Madam. Shabani alisimama upande wangu, akaniambia nivute tumbo ndani.

Jumamosi, 14 Juni

Shule zimefungwa. Devota amekwenda Ilagala kwa mama yake mdogo, mpaka mwisho wa mwezi. Aliaga vizuri. Alirudi mara moja kutoka kwenye pikipiki kuchukua kanga, akaniambia, "Bibi, kula." Kisha wakaondoka.

Simu imebaki mezani, chaji imejaa, hakuna anayeitaka.

Kiangazi kimeingia. Anga ni jeupe, milima ya Kongo inaonekana yote. Consolata yuko Kibirizi. Nimefua, nimeanika. Beseni lilikuwa na maji masafi ya kusuuzia yaliyobaki, na sikuyamwaga.

Nimechukua sufuria ile ya kupikia ugali wa watu wengi. Jiwe la mizani liko sokoni, hivyo nimeokota jiwe jeusi la ukutani, zito, nikalisugua udongo. Nimeliweka ndani ya sufuria, sufuria ndani ya beseni. Ikaelea, imelala upande kidogo. Nikachora mstari wa mkaa ubavuni mwa beseni, maji yalipofika. Nikapiga goti, magoti yakalalamika. Nikalitoa jiwe kwenye sufuria, nikalishusha majini taratibu kwa mikono yote miwili, mpaka likagusa chini.

Mkaa ulibaki juu, peke yake, na ukanda wa plastiki uliolowa chini yake. Maji yalikuwa yameshuka.

Nikalirudisha jiwe kwenye sufuria. Yakapanda mpaka kwenye mkaa. Nikalitosa. Yakashuka. Hakukuwa na mtu uani, kuku tu.

Nimefanya tena, mara ya tatu. Najua hesabu yake, nimeiandika kwenye bahasha, nimeiona kwa macho yangu sasa hivi. Na bado nilipokuwa nalishusha jiwe, kabla halijagusa chini, moyo wangu ulikuwa unangoja yapande.